Mashimo ya Rosterman: shajara ya fundi wa visima

Jumamosi, 11 Januari 2025

Naanza shajara hii kwa sababu ya kipande cha mbao.

Juzi tulikuwa na mashine kwenye ploti moja Rosterman, upande wa magharibi wa mji wa Kakamega, tukichimba kisima cha bomba. Kazi ilienda kama kawaida: udongo mwekundu, kisha mwamba uliooza ambao unauvunja kwa vidole, kisha mwamba wenyewe, mkavu na mgumu. Tulipofika futi 70 mlio wa mashine ukabadilika. Mabomba yakashuka yenyewe karibu futi sita, na vumbi lililokuwa likirushwa juu na kompresa likakoma ghafla. Hewa ilikuwa imepata pa kwenda.

Tukavuta kila kitu juu. Kwenye meno ya biti zilinasa nyuzinyuzi za mbao nyeusi, laini kama mkate uliolowa chai. Mti haumei futi 70 chini ya ardhi. Mbao ile ilishushwa na mtu.

Mwenye ploti, mama mstaafu anayefuga kuku, akaja mbio. "Fundi, maji yamepatikana?"

Nikateremsha tepu ya kupimia. Maji yalikuwa yamepanda na kutulia futi 52. Mengi, tena hayasogei. Tungeweza kuweka pampu siku hiyo hiyo na kulipwa kabla jua halijazama. Nikamwambia, "Mama, maji yapo, lakini si ya kisima. Haya ni ya mgodi."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ugali ulio mezani si wake. "Kwani si maji ni maji?"

Sikuwa na jibu la maana, nami sipendi kurudi nyumbani bila jibu. Kwa hiyo mradi ni huu: kutafuta mashimo ya zamani ya mgodi wa dhahabu wa Rosterman yalipo, kuyachora kwenye ramani, na kujua yana nini ndani. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi ningependa kwanza nione ninapoingia.

Jumamosi, 18 Januari

Timu imetimia. Mimi, dada yangu, ambaye anafundisha historia sekondari na ana ugonjwa wa kusoma karatasi za kale, na kijana wa boda boda aliyezaliwa Rosterman na anayejua kila kijia. Vifaa: tepu ya mita 50, kamba ya manila yenye fundo kila mita moja, kipande cha chuma cha kufunga mwishoni, panga, simu yenye jipiesi (GPS, ya kuonyesha mahali ulipo), daftari la kurasa 96. Bajeti ni mafuta ya pikipiki na chai.

Dada ametupa somo la kwanza kwenye kibanda cha chai, nami nalinukuu hapa kwa ufupi wangu.

Mwishoni mwa 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, alipata dhahabu kwenye mchanga wa mito ya huku. Alikuja wakati mbaya uliokuwa mzuri. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka tangu 1929, walowezi walikuwa na madeni hadi shingoni, na nzige walikuwa wamepita mashambani. Halafu Septemba 1931 Uingereza ikaachana na kipimo cha dhahabu. Kwa miaka mingi aunsi moja ilikuwa imefungwa kwenye karibu shilingi 85. Sasa ikawa huru kupanda, na kufikia 1935 ilikuwa inakaribia shilingi 140. Mkulima aliyeshindwa kuuza gunia la mahindi akasikia kwamba kuna jiwe linaloongezeka bei likiwa bado ardhini. Mamia wakaja na hema, karai na majembe.

Karai lilimaliza mchanga wa mtoni upesi. Dhahabu iliyobaki ilikuwa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi inayozama chini, na huko mtu mmoja na jembe lake hafiki. Zikaja kampuni zenye mtaji wa London. Kubwa kuliko zote hapa ikawa Rosterman, ambayo ilichimba hadi 1952.

Nilimwuliza dada, hizo ramani za chini ya ardhi za kampuni ziko wapi? Alicheka tu.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya kwanza ya kutembea. Kiangazi, nyasi fupi, jua kali. Ndiyo miezi ya kufanya kazi hii, kwa sababu mvua ikianza Kakamega hainyeshi, inamwagwa.

Nilitarajia kuona magofu. Nilichokiona kwanza ni mahindi ya jirani, migomba, choo cha mabati, watoto wanaocheza mpira wa karatasi. Mgodi umevaa kijiji. Lazima macho yazoee. Baada ya saa moja hivi yakaanza kuona: ukuta mnene wa zege uliogeuzwa kuwa sehemu ya zizi, na juu yake boliti nene kama kifundo cha mkono zimetokeza, kutu tupu. Boliti za namna hiyo hazishikilii nyumba. Zilishikilia mashine inayotikisika.

Kisha eneo ambalo nyasi hazishiki vizuri. Mchanga wake ni laini kama unga wa muhogo, wa kijivu, na ukikauka unapeperuka. Huo ni mwamba uliosagwa, mabaki ya kinu. Wachimbaji wadogo huuita marudio, jina lililotoka kwa wenzao wa Tanzania, na kweli watu huurudia: vijana wanauosha tena wakitafuta kilichowaponyoka wazee.

Na mashimo. Leo tumepata saba, na nimejifunza kuyatofautisha. Shimo la mchimbaji wa sasa ni la mviringo, upana wa mabega ya mtu, na kandoni lina vishimo vya kuwekea miguu. Shimo la kampuni lina pembe nne, kuta zimenyooka kama za jeneza, na ukimulika tochi unaweza kuona pale mbao zilipokuwa zimeegemea. Kati ya saba, mawili yana pembe nne. Moja limezibwa na takataka hadi mdomoni. Jingine tulishusha chuma na kamba hadi mita 17 kikagota kwenye maji.

Kijana wa boda aliguna. "Hapo tulikuwa tunatupa mawe tukiwa wadogo. Tunahesabu mpaka isikike."

Jumamosi, 8 Februari

Leo tulikaa na mzee mmoja, jirani ya ile ploti. Mgodi ulipofungwa alikuwa mtoto wa miaka minane, lakini baba yake alifanya kazi chini kwa miaka mingi, na mzee anasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeshuka.

Alianza na king'ora. Anasema watu wa hapa hawakuhitaji saa. Mama yake alijua wakati wa kuinjika sufuria kwa sauti ya mgodi. Akaendelea na kipande, ile hati ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Baba yake alikivua kabla ya kushuka, na mzee anakumbuka alivyokitundika kwenye msumari mlangoni. Kisha vumbi. Kutoboa mwamba wa kwatzi bila maji ni kupumua kioo. Baba alikohoa hadi mwisho wake. Mzee alilisema hilo kwa mkato, akaomba tumwongezee chai.

Nilipomwuliza mlango mkuu ulikuwa wapi, alinyanyuka bila fimbo. Akatupeleka moja kwa moja hadi kwenye mparachichi mkubwa, akapiga hatua kumi na tisa kuelekea machweo, akasimama katikati ya shamba la mtu la viazi vitamu. "Hapa palikuwa na mnara. Kamba ya chuma ilipita juu ya gurudumu, ndoo ikashuka, watu wakashuka nayo."

Hakuna kitu pale. Hakuna hata bonde dogo. Nikachukua vipimo vya jipiesi, nikaandika kwenye daftari: *mdomo mkuu (?), kwa neno la mzee*. Alama ya kuuliza aliiona, akaikasirikia. Nikaifuta mbele yake. Nimeirudisha usiku huu.

Jumapili, 16 Februari

Kukhu mmoja (yaani bibi, kwa Kiluhya), miaka 85, alisikia kwamba tunamhoji mzee na akatuma ujumbe kwamba mzee hajui kitu. Tukaenda baada ya kanisa.

Yeye alikuwa msichana wa kubeba kikapu. Mama yake aliuza ndizi na uji kwa wafanyakazi wa zamu, na kwa hiyo Kukhu haukumbuki mgodi kwa milango bali kwa njia: njia ya kutoka kinuni hadi kambi ya wafanyakazi, njia ya mtoni, njia ambayo watoto walikatazwa. Nilimwuliza walikatazwa kwa nini. "Kulikuwa na mabirika makubwa ya maji ya kuua. Ng'ombe akinywa, anaanguka pale pale."

Nadhani hayo yalikuwa matangi ya sianidi. Mwamba ukishasagwa, dhahabu iliyo kubwa kidogo hunaswa na zebaki. Ile iliyo nyembamba kuliko vumbi huyeyushwa kwa maji ya sianidi, halafu hutolewa tena humo. Ufundi huo uligunduliwa Glasgow mwaka 1887 na ndio ulioifanya migodi ya dunia nzima ilipe. Sianidi yenyewe huvunjika juani ikipewa muda. Zebaki haiendi kokote.

Kukhu akachora kwa fimbo kwenye vumbi la uani. Kinu hapa, matangi hapa, mfereji wa kuelekea upande wa mto Isiukhu. Nilipiga picha mchoro kabla kuku hawajaupita. Nyumbani nimeuweka juu ya vipimo vyangu, na tazama: mfereji wake unapita kwenye ule mchanga wa kijivu usioota nyasi, bila mimi kuulazimisha. Hata mparachichi wa mzee umekaa pale unapostahili. Kwa mara ya kwanza naona mgodi mzima, na nimeupata kwa watoto wawili wa zamani ambao hawakuwahi kuruhusiwa kuingia.

(Mzee na Kukhu bado hawazungumzi. Chanzo ni mbuzi, mwaka ambao hakuna anayeutaja.)

Jumamosi, 1 Machi

Dada ametoka maktaba na hasira. Naandika alichokileta kwa sababu kinaeleza jambo lililokuwa likinitatiza: inakuwaje mgodi mkubwa hivi ukawa katikati ya mashamba ya watu?

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Dhamana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika, ni yao daima. Ikitokea kipande kimechukuliwa kwa kazi ya umma, basi kipande cha ukubwa huo huo kitaongezwa mahali pengine, na baraza la wenyeji litaulizwa kwanza. Wino haujakauka, dhahabu ikaonekana Kavirondo Kaskazini, yaani huku. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Ardhi iliyotakiwa kwa madini iliweza sasa kuondolewa kwenye hifadhi bila kutoa ardhi nyingine. Fidia ikawa pesa. Na sharti la kuliuliza baraza kwanza likawekwa kando.

"Daima" ilidumu miaka miwili.

Makelele yalipigwa, hata bungeni London, ambako baadhi ya wabunge waliita jambo hilo kwa jina lake. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyotoa ripoti yake 1934, ilisikiliza ushahidi wa watu wa huku pia. Na ilikuwa katika miaka hiyo, kwa hofu hiyo hiyo ya kupoteza mashamba, kwamba chama cha North Kavirondo Central Association kilipata nguvu. Babu zetu waliingia siasa kupitia shimo.

Mwaka huo huo wa 1932 serikali ilimleta Sir Albert Kitson aangalie mawe. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyepata makaa ya mawe ya Enugu, Nigeria, mwaka 1909, na manganizi ya Nsuta huko Ghana ya leo. Aliposema Kakamega ina kitu, wenye pesa walisikiliza.

Baada ya kusoma, dada aliniuliza swali ambalo wanafunzi wake humwuliza: na leo je? Leo Katiba ya 2010 inasema madini yote ni ardhi ya umma chini ya serikali ya taifa, hata yakiwa chini ya jiko lako. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kuchimba madini: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Mzee alipoelezwa hayo alihesabu kwa vidole kisha akauliza kama hiyo kumi inarudi nyuma hadi 1952.

Jumamosi, 15 Machi

Hesabu. Leo sikutoka, nilikaa na kikokotoo, na pengine ndiyo siku muhimu kuliko zote za mradi.

Rosterman ilitoa karibu aunsi 250,000 za dhahabu, kwenye mwamba uliobeba wastani wa gramu 13 kwa tani. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Hiyo ni tani saba na robo tatu za dhahabu, na kidogo juu. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, kwa hiyo mzigo huo wote ni karibu meta za ujazo 0.4. Sanduku la sentimita 74 kila upande.

Dada alichukua makatoni shuleni, akawapa wanafunzi wayakate na kuyagundisha, wakalitengeneza sanduku hilo. Wameliweka mbele ya darasa. Unaweza kulikalia. Wanafunzi walikataa kuamini. Miaka yote ile, ving'ora, makohozi, sheria kubadilishwa London na Nairobi, na dhahabu yenyewe ni kiti.

Sasa upande wa pili. Kupata gramu 7,775,000 kwa gramu 13 kwa tani unahitaji kutoa karibu tani 600,000 za mwamba. Mwamba huu una uzito wa tani 2.7 hivi kwa kila meta ya ujazo. Kwa hiyo nafasi iliyoachwa chini ni takriban meta za ujazo 222,000, na hapo sijahesabu mawe yasiyo na kitu ambayo yalitolewa ili kupata njia. Punguza sehemu iliyofukiwa tena au iliyoporomoka. Bado ni nafasi kubwa mno.

Mimi ni mtu wa maji, nikaigeuza kuwa maji. Meta 222,000 za ujazo ni lita milioni 222. Bauza ya lita 10,000, ile inayouza maji mjini mifereji ikikauka, ingelazimika kupiga safari 22,200.

Kwa lugha nyingine: chini ya mahindi, kuku na kanisa, kuna tangi. Na lile biti langu lilitoboa paa lake.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza wiki hii. Jumatano usiku ilinyesha ya mawe. Alhamisi asubuhi kijana wa boda akanipigia simu, sauti juu. Ardhi imefunguka.

Palikuwa shambani, hatua zipatazo thelathini kutoka mahali tulipoweka alama ya mdomo mkuu. Jioni palikuwa na viazi, asubuhi shimo la upana wa meza, na ndama ndani yake. Alikuwa amekwama kwenye kingo ya udongo meta tatu chini, amelowa, anatetemeka. Vijana sita, kamba mbili, gunia la kumfunga tumboni. Alitoka akiwa hai na mguu mmoja umechubuka. Mwenye ndama hakushukuru mtu. Aliketi kwenye nyasi akitazama shimo, kwa sababu mtoto wake hulisha ndama huyo kila jioni.

Kingo za shimo hilo, chini ya udongo uliomeguka, zina pembe.

Nilienda kuripoti kwenye ofisi moja inayohusika. Nikaambiwa nilete barua. Nikaenda na barua. Nikaambiwa anayepokea barua ametoka. Tumezungushia shimo miiba na mabati, na nimefunga matairi mawili yaliyopakwa chokaa ili yaonekane usiku. Hiyo ndiyo hatua rasmi iliyochukuliwa hadi sasa.

Tangu leo kanuni za timu ni tatu. Hakuna anayesogelea mdomo bila kamba kiunoni. Hakuna anayeingia, hata akiwa ameombwa na mchimbaji rafiki. Hewa iliyokaa chini miaka 70 inaweza kukosa oksijeni na mtu asijue hadi magoti yamlegee. Hakuna kazi siku ya pili baada ya mvua kubwa. Nimerudi kwenye daftari na kufuta alama ya kuuliza ya mzee. Mara hii kabisa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kwa nini walifunga? Kila mtu ninayemwuliza ana jibu lake. Mzee: dhahabu iliisha. Kukhu: waliona Mau Mau inakuja. Kijana wa boda: walificha, watarudi. Dada ananipa jibu la wahasibu, na mimi nina la fundi pampu.

La wahasibu ni bei. Mwaka 1934 Marekani ilifunga bei ya dhahabu kwenye dola 35 kwa aunsi, kutoka dola 20.67, na haikuiachilia hadi 1971. Miaka ya mwanzo ilikuwa neema. Lakini baada ya Vita vya Pili kila kitu kilipanda, mafuta, vyuma, baruti, mishahara, na dola 35 ikabaki dola 35. Mwaka 1949 pauni ilishushwa thamani, migodi ya himaya ikapata pumzi kwa kuwa bei kwa shilingi ilipanda. Haikutosha. Hesabu ya mgodi ni ya kikatili: jiwe lile lile ambalo jana lilikuwa madini, leo gharama zikipanda linaitwa mwamba tu.

La fundi pampu ni hili. Mgodi wenye kina ni kisima ambacho hutaki kiwe na maji. Huku kwetu mvua ni karibu kila mwezi, maji yanajipenyeza kila nyufa, na pampu hazilali Krismasi wala Idd. Kila futi unayoongeza chini, unainua maji futi moja zaidi, usiku na mchana. Siku unapozima pampu, hakuna anayekuja kuziba. Maji yenyewe yanapanda polepole, ngazi kwa ngazi, hadi yafike usawa wa maji ya ardhini. Kwenye ploti ya mama mfuga kuku usawa huo ni futi 52.

Na sasa swali lake: si maji ni maji?

Dhahabu ya huku haikai peke yake kwenye kwatzi. Mishipa ya namna hii hubeba madini ya salfa, na moja ambalo vijana wachimbaji wanalijua vizuri ni arsenopairaiti. Ni la rangi ya fedha chafu. Ukiligonga kwa nyundo linanuka kitunguu saumu. Harufu hiyo ni aseniki. Mara nyingine hukaa pamoja na galena, jiwe la risasi, zito kupita kiasi na linalovunjika vipande vya pembe nne. Yakiwa yamefungwa ndani ya mwamba hayana neno. Ukishayapasua, ukayaachia hewa na maji, yanaanza kuoza na kuachilia yaliyomo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha aseniki kwenye maji ya kunywa: mikrogramu 10 kwa lita. Haina rangi, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Hilo la kuchemsha nimelirudia kwa mama mara tatu. Ndilo alilokuwa akilitegemea.

Jumamosi, 10 Mei

Wiki nne bila kuandika. Simu yangu iliingia maji ya mfereji nikiwa napima, na vipimo vya Aprili vyote vikaenda nayo. Daftari la kurasa 96, lililolowa, likakaushwa juu ya jiko, linasomeka. Tangu sasa kila kipimo kinaandikwa mara mbili, na kwanza kwa penseli.

Tumerudia kazi ya mwezi kwa siku nne. Ramani sasa ina mashimo 23, ambayo 6 nina hakika ni ya kampuni, mchanga wa marudio umepakwa rangi ya kijivu, na njia tatu za Kukhu kwa mistari ya nukta. Nimechapisha nakala kubwa. Fundi wenzangu wawili wa visima wamechukua nakala. Mmoja alitazama alama moja, akakaa kimya, akasema mwaka juzi aliweka pampu hapo na alidhani ana bahati.

Mzee aliomba aione. Aliiweka magotini, akafuatisha kwa kidole kutoka mparachichi hadi mdomo mkuu, kisha kidole kikateremka hadi mfereji. "Huu nani amewaonyesha?" Nikamtaja Kukhu. Akanyamaza. "Umepinda kidogo zaidi hapa," akasema, "lakini ni wenyewe."

Jumamosi, 24 Mei

Tumerudi kwa mama. Kwa kutumia ramani nimeng'oa kigingi na kukisogeza hatua 44 upande wa mashariki, kupanda mwinuko, mbali na mstari unaounganisha mashimo mawili ya pembe nne. Alilalamika kwamba huko ni mbali na banda la kuku. Nikamwambia bomba la plastiki si ghali.

Tulichimba siku mbili. Mlio wa mashine ulibaki ule ule hadi mwisho. Maji tumeyapata kwenye ufa wa mwamba futi 128, machache kuliko ya lile shimo la kwanza, lakini yanarudi kila ukiyavuta. Kisima cha kwanza tumekijaza zege futi 20 za juu, na juu yake nimeandika kwa msumari zege likiwa bichi: MGODI, USICHIMBE, 2025.

Nimechukua chupa mbili za maji, moja ya shimo la kwanza kabla hatujalifunga, moja ya kisima kipya. Nimezifunga kwa plasta, nikaandika A na B tu. Kesho kutwa nitazibeba mwenyewe hadi maabara Kisumu, magotini kwenye matatu. Mama ameambiwa asinywe hata kikombe kabla sijampigia simu. Amekubali. Ila nilipokuwa nafunga vifaa nilimwona akimchotea jogoo wake maji ya kisima kipya kwenye kibakuli, akasimama kando, mikono kiunoni, anamtazama anavyokunywa.